Gunia halina ekari: Ruzuku ya mbolea inavyowapita wakulima wa Kibera na Kawangware

Alipoapishwa katika uwanja wa Kasarani mnamo Septemba 13, 2022, Rais William Ruto alitangaza papo hapo jinsi ambavyo angeachana na njia ya mtangulizi wake kuhusu bei ya chakula. Ruzuku ya unga, alisema, ilikuwa imemeza shilingi bilioni 7 katika mwezi mmoja tu kabla ya uchaguzi, na bado wananchi walikuwa wanalia njaa. Serikali yake ingemsaidia anayelima badala ya anayenunua. Kwa msimu wa mvua za vuli aliahidi mifuko milioni 1.4 ya mbolea, kila mfuko wa kilo 50 ukiuzwa kwa shilingi 3,500 badala ya 6,500 zilizokuwa zikitozwa madukani baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei duniani kote. Mwaka uliofuata bei ilishuka tena hadi shilingi 2,500. Hoja ilieleweka hata na asiyewahi kushika jembe: mkulima akipunguziwa gharama shambani, mlaji wa mjini atapata nafuu dukani. Mkazi wa Laini Saba huko Kibera au wa Gatina huko Kawangware kwa hivyo alikuwamo katika mpango huo tangu siku ya kwanza. Ila alikuwamo kama mdomo wa kulishwa. Kama mkono unaolima, hakuonekana popote.

Na mikono hiyo ipo, wala haikuanza jana. Taasisi ya Mazingira ya jijini Nairobi ilifanya uchunguzi katika miji kadhaa ya Kenya mwaka 1985 na kubaini kwamba takribani familia tatu kati ya kila kumi za mijini zilikuwa zikilima chakula humo humo mjini. Mwaka 1991 msomi Donald Freeman alichapisha kitabu kizima kuhusu watu wanaolima Nairobi kando ya barabara, reli na mito, na wengi wao walikuwa wanawake wa kipato cha chini. Kibera yenyewe ilikuwa mashamba kabla ya kuwa mabati. Askari wa Kinubi waliopewa makazi hapo na serikali ya kikoloni walilima na kufuga katika eneo ambalo mwaka 1918 lilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi, lenye zaidi ya ekari 4,000. Jamii yao ilipokabidhiwa hati ya ardhi mwaka 2017, ilipata ekari 288. Kawangware ina historia nyingine kabisa. Ilikuwa sehemu ya ardhi ya Wakikuyu upande wa Dagoretti, familia zikapata hatimiliki zake, kisha jiji likaja kuzikuta hapo. Ndiyo maana hadi leo, ukiteremka kutoka Kawangware kuelekea Riruta, Waithaka na Kabiria, utakuta ng'ombe wa maziwa nyuma ya vyumba vya kupangisha, na nyasi za nepia zimebanwa kati ya ukuta na mtaro.

Mpango wa ruzuku unavyoendeshwa, watu hawa hawana mlango wa kuingilia. Mkulima anasajiliwa katika mfumo wa kidijitali unaoitwa KIAMIS, kazi ambayo ilipitia kwa machifu, manaibu wao na wazee wa vijiji. Anatoa nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mahali shamba lilipo, ukubwa wake na mazao anayopanda. Msimu ukifika anapata ujumbe kwenye simu wa kumjulisha mbolea anayostahili, kisha anaifuata katika ghala la Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, au kituo kingine kilichoteuliwa. Hesabu yote inafanywa kwa ekari. Mwenye ekari mbili za mahindi Moiben anaeleweka mara moja. Mama wa Kisumu Ndogo, Kibera, mwenye magunia manne ya sukuma wiki mlangoni hana la kujaza kwenye nafasi ya ukubwa wa shamba. Gunia halina ekari. Tena si ajabu mama huyo huyo amesajiliwa kwingine, kwa sababu wakazi wengi wa mitaa hii wana kishamba Vihiga, Siaya, Makueni au Kisii, na pesa za kununulia mbolea ya huko zinatumwa kwa M-Pesa kutoka hapa. Ruzuku inapita Kibera kila msimu, lakini ndani ya simu, ikielekea mashambani.

Kuna atakayesema jibu ni rahisi: wasajiliwe nao, wapewe vocha. Naona hilo lingekuwa kosa, na hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo. Mkulima wa Kibera au Kawangware hana uhaba wa mbolea ya chumvichumvi. Viganja viwili vya mbolea ya kukuzia vinamtosha msimu mzima, na akivihitaji atapimiwa kwa kilo katika duka la pembejeo. Kinachomkwamisha ni vitu vinne ambavyo mpango wa taifa hauvihesabu kuwa pembejeo: maji, udongo ulio salama, miche, na hakika kwamba mahali alipoweka gunia leo hapatafagiliwa kesho. Serikali ikitaka kumsaidia, itazame upya orodha ya inachokiita pembejeo kabla ya kuongeza majina katika daftari.

Ushahidi uko Kibera kwenyewe. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, barabara zilipofungwa na mboga zikaadimika sokoni, shirika la Ufaransa liitwalo Solidarités lilieneza kilimo cha magunia mitaani humo. Mbinu yenyewe haina siri. Gunia linajazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati panawekwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke hadi chini, na miche inapandwa juu na pia katika matundu yanayotobolewa ubavuni. Hatua moja ya ardhi inabeba mboga ambazo zingehitaji tuta refu. Shirika lilitoa miche na mafunzo bila malipo, na maelfu ya familia zikaingia. Mtafiti Courtney Gallaher na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 2013, waliona kwamba waliokuwa na magunia walikula mboga za aina nyingi zaidi kuliko majirani wasiokuwa nayo. Jambo la pili walilolieleza linanivutia zaidi kuliko la kwanza: magunia yaliimarisha uhusiano wa majirani, watu wakawa wanagawiana mboga na kushirikiana kuzilinda. Hawakusema kwamba magunia yalimaliza njaa Kibera, na anayedai hivyo anatafuta ufadhili. Lakini ni mpango wa pembejeo uliofika, uliotumiwa na walengwa wenyewe, na haukugawa mfuko hata mmoja wa mbolea ya DAP.

Kilichoamua gunia lipi lidumu na lipi likauke kilikuwa maji. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilieleza kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi walilipia kila lita ya maji mara tano hadi kumi zaidi ya wakazi wa mitaa ya kitajiri ya jiji hilo hilo. Mambo yamebadilika kiasi tangu wakati huo. Shirika la SHOFCO, kwa mfano, limepitisha mabomba ya maji juu ya nguzo huko Kibera ili yasikatwe wala kuchafuliwa na mitaro, na vibanda vyake vinauza maji kwa bei nafuu. Hata hivyo, familia inayonunua maji kwa mtungi wa lita 20 hufikiri mara mbili kabla ya kuyamwagia sukuma, na katika wiki za mgao, bei ya mtungi inapopaa, haifikiri tena. Ng'ambo ya barabara kutoka Kawangware, huko Lavington, mtu ananyunyizia nyasi za kupendeza macho kwa maji ya bomba ya bei rasmi. Serikali ambayo imekubali kulipia zaidi ya nusu ya bei ya mfuko wa mbolea ili mahindi yastawi Trans Nzoia haiwezi kusema kwamba kanuni inaikataza kulipia sehemu ya mtungi ili mboga zistawi Silanga, Kibera. Kanuni ni ile ile. Kilichotofautiana ni mazoea ya wanaopanga bajeti.

Tukija kwenye rutuba, jiji hili linachekesha na kutia uchungu kwa pamoja. Kenya inaagiza karibu mbolea yake yote ya chumvichumvi kutoka nje, kwa dola, na kisha inaipunguza bei kwa fedha za walipa kodi. Wakati huo huo Nairobi inazalisha zaidi ya tani 2,000 za taka kila siku, na zaidi ya nusu ya taka hizo ni maganda, mabaki ya mboga na vitu vingine vya kuoza, ambavyo vingi vinaishia katika jaa la Dandora au kwenye mitaro. Vichinjio vya Dagoretti vinatoa samadi na uchafu wa matumbo ya ng'ombe kwa wingi usiojulikana pa kupelekwa. Wafugaji wadogo wa upande wa Kawangware wanatupa kinyesi cha mifugo kwa sababu hawana nafasi ya kukirundika, ilhali mwenye gunia Kibera, kilomita chache kutoka hapo, anakitafuta. Teknolojia haina ugeni wowote. Mwaka 2011 kampuni ya Sanergy ilianza kukusanya kinyesi kutoka vyoo vya mitaa kama Mukuru na kukigeuza kuwa mbolea ya asili ya kuuzwa kwa wakulima. Umande Trust imejenga Kibera vyoo vinavyozalisha gesi ya kupikia, na tope linalobaki lina rutuba. Mbolea ya maskini wa Nairobi inastawisha mashamba ya mbali. Wao wenyewe hawana njia ya kuinunua kwa bei ya ruzuku.

Hapa inafaa kukumbuka yaliyotokea mwaka 2024. Kati ya Machi na Mei, baada ya wanahabari wa Africa Uncensored kufichua mambo, nchi iligundua kwamba sehemu ya mbolea iliyouzwa katika maghala ya NCPB chini ya mpango wa ruzuku haikuwa mbolea hata kidogo. Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilipima, mifuko ikaondolewa, serikali ikaahidi kuwafidia wakulima, na Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, akafikishwa mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza hoja ya kumng'oa na kumwondolea lawama. Kuna waliotumia kashfa hiyo kusema ruzuku yote ivunjwe. Sioni hivyo. Funzo lake ni dogo zaidi na lina manufaa zaidi: mnyororo mrefu, unaoanzia kwa mzabuni mmoja mkubwa na kuishia kwa mamilioni ya watu wasio na kipimo cha kujua kilicho ndani ya mfuko, unakaribisha udanganyifu. Mboji inayotengenezwa Riruta na kutumika Gatwekera, Kibera, ina mnyororo mfupi. Mnunuzi anamjua muuzaji, anaiona, anainusa, na wiki tatu baadaye majani yanamwambia kama alipunjwa.

Sasa pingamizi, na la kwanza ni zito. Mchumi wa Wizara ya Kilimo atasema: mboga za magunia ni chembe. Kenya inaishi kwa mahindi, na mahindi hayaoti Kibera. Kila shilingi inayoondolewa Uasin Gishu kupelekwa mjini ni shilingi iliyopotea. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Bei ya pakiti ya kilo mbili ya unga, ambayo ilipita shilingi 200, ilishuka baada ya mavuno mazuri, na familia inayopima unga kwa gorogoro iliihisi nafuu hiyo. Ingawa hata hapa tuwe waangalifu: mvua zilirejea mwaka 2023 baada ya misimu mitano mfululizo ya ukame, na anayetaka kuipa mbolea sifa zote za mavuno hayo itabidi kwanza ailipe mvua haki yake. Nusu ninayoikataa ni ile inayodhani kwamba mlo ni ugali mtupu. Unga ukishuka bei, mboga haishuki nao. Sukuma wiki inayouzwa katika soko la Toi au la Kawangware imesafiri kwa lori hadi soko la Marikiti, imepita mikononi mwa madalali, imebebwa tena kwa mkokoteni au matatu, na kila hatua imeongeza senti. Mvua ikikatiza barabara au mafuta yakipanda, fungu linapungua majani huku bei ikibaki pale pale. Mtoto anayekula ugali kwa mchuzi wa maji anashiba tumbo na kukosa madini na vitamini. Kipengele cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, na neno ubora halikuwekwa pale kama pambo.

Tena anayehofia fedha kupotea mijini aangalie kwanza zinavyopotea vijijini. Tanzania iliendesha mpango wa vocha za pembejeo kuanzia msimu wa 2008/09, ukilenga wakulima wadogo, na uteuzi ukaachiwa kamati za vijiji kwa imani kwamba jirani anamjua maskini kuliko afisa wa Dodoma. Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walipochunguza mkoani Kilimanjaro, walikuta asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zimeishia katika nyumba za viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Malawi, ambayo ruzuku yake ya kuanzia 2005 ilisifiwa dunia nzima kwa kuijaza nchi mahindi, ilifika mahali ambapo ruzuku hiyo ilikula zaidi ya nusu ya bajeti ya wizara yake ya kilimo, huku utafiti, ushauri wa wakulima na barabara za vijijini vikibaki na makombo. Kenya nayo ilipitia haya. Mpango wa 2007 ulioitwa Kilimo Plus uliwalenga maskini kwa kuwapa mbegu na mbolea za ekari moja bure. Wa sasa umeacha ulengaji huo na kumfungulia mlango kila aliyesajiliwa, hivyo mwenye shamba kubwa anapata punguzo kubwa zaidi. Sidai kwamba wazee wa Kibera wangekuwa malaika kuliko wale wa Kilimanjaro. Nadai kwamba maji na mboji ni vigumu kuvilimbikiza na kuviuza upya kuliko mifuko ya kilo 50, na hiyo ni kinga ambayo hakuna mfumo wa kidijitali unaoweza kuitoa.

Pingamizi la pili ni la afya, na wengi wanaolitoa wana nia njema. Mboga za Kibera, wanasema, zinanyweshwa maji ya mitaro. Ni kweli kwamba kando ya mto Ngong na karibu na bwawa la Nairobi, na pia Maili Saba upande wa mashariki, wakulima wamekuwa wakifungulia maji taka na kuyaelekeza shambani, kwa sababu yanapatikana mwaka mzima na yamejaa rutuba. Watafiti waliopima mashamba hayo, akiwamo Nancy Karanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walikuta metali nzito na mayai ya minyoo. Hakuna anayepaswa kulipuuza hilo. Lakini tazama pingamizi hili linaelekea wapi. Mkulima anafungulia maji taka kwa kuwa maji safi ni ghali, na udongo wake una madini ya risasi kwa kuwa hakuna aliyempimia wala kumpa mwingine. Kumkataza kulima bila kumpa maji ni kuhamisha kilimo hicho kwenda usiku. Kumpa maji na mboji iliyopimwa ni kuondoa sababu ya hatari yenyewe. Gunia lina faida hapa kuliko tuta la kando ya mto, maana udongo wake umechaguliwa na kujazwa kwa mkono, na unaweza kumwagwa ukaanza upya. Serikali ina maabara za udongo. Kupima udongo bila malipo kwa vikundi vya mitaa hii kungegharimu sehemu ndogo sana ya kinachotumika kusafirisha mbolea kutoka Mombasa.

Mwaka 2020 serikali ililigusa suala la bustani za mjini, ikaliachilia. Jiji lilipofungwa kwa miezi mitatu kwa sababu ya korona, Wizara ya Kilimo ilitangaza mpango wa bustani milioni moja za nyumbani, na bustani za magunia na za ghorofa zikaonyeshwa katika televisheni kana kwamba zimevumbuliwa wiki ile. Janga lilipopungua makali, hamasa nayo ilipungua. Kasoro ya mpango wa namna hiyo ni kwamba unagawa vifaa vya kuanzia na kuondoka. Miche ya bure mara moja ni zawadi. Miche ya bei nafuu kila msimu ndiyo pembejeo. Argentina ililielewa hili mapema. Mpango wake wa Pro-Huerta, ulioanzishwa mwaka 1990 chini ya taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, hadi mwaka 2024 ulikuwa ukigawa vifurushi vya mbegu za mboga kwa familia maskini, nyingi zikiwa za mijini, kimoja kwa msimu wa joto na kingine kwa msimu wa baridi, pamoja na washauri wa kuzitembelea. Uchumi ulipoporomoka mwaka 2001, jiji la Rosario lilijenga juu ya msingi huo kwa kuwapa wakazi haki ya kutumia viwanja vilivyokaa bure. Majirani zetu Tanzania, ambako watu wa mjini walihimizwa kushika jembe tangu enzi za Siasa ni Kilimo, walitunga kanuni za kilimo cha mijini mwaka 1992 zilizomruhusu mtu kulima hadi ekari tatu mjini. Ukubwa huo ni ndoto kwa mpangaji wa chumba kimoja, lakini angalau kanuni ilimtambua.

Nairobi nayo ina sheria yake, tena nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Kaunti ya mwaka 2015 ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini ilifuta dhana ya miaka mingi kwamba mboga ndani ya jiji ni uchafu wa kung'olewa na askari. Inazungumzia upatikanaji wa ardhi na maji kwa wakulima, matumizi ya taka za kuoza, na hali ya wakazi wa mitaa yenye msongamano. Sheria ipo, kinachokosekana ni fungu la fedha lenye jina lake. Bajeti ya mbolea ya ruzuku inapangwa na serikali ya taifa, kilimo kwa mujibu wa Katiba ni kazi ya kaunti, na maji yanauzwa na kampuni ya kaunti. Mwenye gunia amesimama katikati ya hawa watatu, na kila mmoja ana sababu halali ya kumwelekeza kwa mwenzake.

Limebaki suala la mahali, na hapa sina jibu moja kwa mitaa yote miwili. Kibera ni ardhi ya serikali kwa sehemu kubwa, na serikali ikiihitaji huja na matingatinga. Julai 2018 barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata ilipitishwa juu ya nyumba za maelfu ya watu. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, amri ya kuacha mita 30 kila upande wa mto iliwaondoa wengine. Wapo wanaouliza kwa nini fedha za umma zimwagwe katika bustani ambazo huenda zikavunjwa, na ni swali la haki. Lakini ukanda huo wa mita 30, ambako kujenga kumekatazwa na ambao ukiachwa wazi utarudi kuwa jaa au kuvamiwa upya, unaweza kukodishwa kwa vikundi vya wakazi kwa miti ya matunda, nepia na vitalu vya miche, mimea isiyoliwa mbichi na inayoshika kingo za mto. Ardhi hiyo serikali tayari inaidai kuwa yake. Haihitaji kulipa fidia kwa yeyote ili kuitumia hivyo.

Kawangware ni kugumu zaidi, kwa sababu anayevunja bustani huko ni mwenye ploti. Ana hatimiliki, ana mkopo wa benki au ndugu wa kugawana nao urithi, na kila futi ya mraba anayoiacha kwa sukuma ya mpangaji ni chumba ambacho hakukijenga. Hotuba haitambadilisha. Hesabu huenda ikambadilisha. Kaunti inamdai kodi ya kiwanja kila mwaka, na wengi wanadaiwa malimbikizo. Punguzo kwa ploti iliyotenga paa au ukumbi wa bustani, ikawekewa mfereji wa maji ya mvua na tangi, lingeigharimu kaunti fedha ambazo mara nyingi haizikusanyi hata hivyo. Paa za mabati za Kawangware zinamwaga mitaroni kila msimu wa mvua za masika maji ambayo, yangewekwa kwenye tangi, yangefikisha magunia hadi Julai. Tangi la lita elfu moja ni ghali kwa mpangaji na ni dogo kwa mwenye nyumba, na hapo katikati ndipo ruzuku inapofaa kuingia: vocha ile ile, kwa simu ile ile, inayolipia nusu ya tangi mahali ambapo kwingineko ingelipia nusu ya mfuko. KIAMIS tayari inauliza nambari ya kitambulisho na ya simu. Litabaki swali moja tu la kubadilishwa katika fomu, pale panapoandikwa ekari.